Shombo Ndani ya Damu: Bakteria wa Utumbo na Mwendo wa Magonjwa Sugu

Muulize mtu yeyote aliyelelewa pwani kwa nini samaki hupakwa ndimu kabla ya kuingia chunguni. Atakujibu bila kufikiri: kukata shombo. Ukimbana zaidi akueleze shombo yenyewe ni kitu gani, huenda akakuona una maswali ya kitoto. Mimi naliona swali hilo kuwa mlango mzuri wa kuingilia jambo linalowakunisha vichwa madaktari wa moyo, figo na ini.

Samaki wa bahari huhifadhi mwilini kemikali isiyo na harufu iitwayo trimethilamini oksaidi, kwa kifupi TMAO, inayomsaidia kuhimili chumvi na mgandamizo wa maji ya kina kirefu. Akishakufa, bakteria huinyang'anya kemikali hiyo oksijeni yake, ikabaki trimethilamini tupu, TMA. Hiyo ndiyo inayoruka hewani na kutufikia puani. Asidi ya ndimu huikamata TMA na kuigeuza chumvi, na chumvi hairuki. Kitu chenyewe bado kimo kwenye minofu, ila kimefungwa kisipae. Ushike ujanja huo wa ndimu, tutauhitaji tena mbele.

Sasa, kemikali hiyohiyo ya shombo hutengenezwa ndani ya utumbo wako kila unapokula mayai, maini au nyama ya ng'ombe. Vyakula hivi vina kolini na kanitini, na baadhi ya bakteria wa utumbo huvikata virutubisho hivyo na kuitoa TMA. Mshipa unaotoka utumboni huipeleka moja kwa moja kwenye ini, nalo hufanya kinyume cha yale yaliyompata samaki: huipachika oksijeni na kuirudisha kuwa TMAO isiyo na harufu. Wapo watu wachache wanaozaliwa na hitilafu kwenye kimeng'enya cha ini kinachofanya kazi hiyo. Jasho na pumzi zao hunuka samaki, na wengi huishi na aibu ya kudhaniwa hawaogi.

Mwaka 2011 kundi la Stanley Hazen kwenye hospitali ya Cleveland Clinic, Marekani, lilitangaza kwamba TMAO inahusiana na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mwaka 2013 wakaja na kishindo zaidi. Walikuwa wamewafuatilia kwa miaka 3 wagonjwa 4,007 waliopimwa mishipa ya moyo, na wale waliokuwa na TMAO nyingi zaidi walipata kiharusi, mshtuko wa moyo au kifo kwa takriban mara mbili na nusu ya wale waliokuwa nayo kidogo. Katika utafiti huo watu wenye afya walilishwa mayai mawili ya kuchemsha, TMAO ikapanda. Wakapewa antibayotiki kwa wiki moja, wakala mayai tena, haikupanda. Mwezi mmoja baadaye, bakteria walipokwisha kurudi, ikapanda kama mwanzo. Na kwenye jaribio jingine la kundi hilo, mtu asiyegusa kabisa vyakula vya wanyama alikubali kula kipande cha nyama kwa ajili ya sayansi, na damu yake haikuonyesha TMAO ya kutajika. Kwa miaka ile yote ya kula majani na nafaka, bakteria wa kazi hiyo hawakuwa na ajira kwake.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu, na magazeti mengi yaliishia hapo. Lakini ina mikwaruzo miwili. Wa kwanza unatuhusu sisi walaji wa nguru na changu: mlo wa samaki wa bahari hupandisha TMAO kuliko hata nyama, kwa sababu samaki anayo tayari, na bado kwa jumla ulaji wa samaki hauonekani kuwa mkosaji katika magonjwa ya moyo. Wa pili ni mzito zaidi. TMAO hutoka mwilini kwa njia ya mkojo. Figo zikianza kudhoofika, hata kidogo tu, hujikusanya kwenye damu, na wagonjwa wa figo hufa kwa maradhi ya moyo kwa wingi kuliko watu wengine. Je, kinachosomwa kwenye kipimo ni moto wenyewe au moshi wa figo inayoungua polepole? Kwa panya, ushahidi kwamba TMAO yenyewe inadhuru mishipa na figo ni mzuri. Kwa binadamu naiona kuwa vyote viwili, na sehemu ya moshi ni kubwa kuliko tulivyoambiwa mwanzoni.

Na figo ndipo mahali ambapo uhusiano wa bakteria na ugonjwa sugu unaonekana waziwazi kuliko kwingine.

Utumbo mpana una bakteria wanaokadiriwa kufikia trilioni 38, na wote kwa pamoja hawafikii robo kilo. (Ile hesabu maarufu kwamba tuna bakteria kumi kwa kila seli moja ya mwili, na kwamba wana uzito wa kilo mbili, ilikanushwa mwaka 2016. Wanakaribiana na seli zetu kwa idadi.) Chakula chao ni yale yaliyotushinda sisi kumeng'enya. Kwanza hula makapi-mlo, yaani nyuzinyuzi za nafaka, mikunde na mboga, pamoja na wanga mgumu. Hayo huliwa zaidi upande wa kulia, pale utumbo mpana unapoanzia. Mabaki yanaposogea kuelekea kushoto, makapi yanapungua, na bakteria wenye njaa huhamia kwenye protini iliyosalia. Kadiri mtu anavyokula makapi machache, na kadiri choo kinavyokawia, ndivyo kazi ya kula protini inavyochukua nafasi kubwa.

Uchachushaji wa protini una mazao yake. Kutoka kwenye kipande cha protini kiitwacho triptofani hutoka indoli, kutoka kwenye kingine, tairosini, hutoka kresoli. Ini huzifunga zote mbili na salfa, na damu hubeba indoksili salfati na kresili salfati hadi kwenye figo. Figo nzima huzitupa mkojoni siku hiyohiyo, na mwenye figo nzima hana haja ya kujua hata majina yake. Figo ikichoka, zinabaki. Tangu miaka ya 1990 watafiti wa Japani wakiongozwa na Toshimitsu Niwa walionyesha kwamba panya wenye figo mbovu wakilishwa indoksili salfati, makovu ya figo huongezeka haraka zaidi. Kemikali hiyo huingia ndani ya seli za vijifereji vya figo na kuziwasha, na seli iliyowashwa muda mrefu huacha kovu. Kovu halichuji kitu. Kwa hiyo kesho figo itatupa kidogo kuliko jana, na sumu itabaki nyingi kuliko jana.

Mgonjwa akifikia kusafishwa damu, mtu angetarajia mashine imalize kazi. Haimalizi. Kemikali hizi mbili hung'ang'ania protini ya damu iitwayo albumini, na utando wa mashine hupitisha vitu vilivyo huru tu. Urea, taka ya protini inayopimwa maabara, inashuka vizuri, karatasi ya maabara inapendeza, lakini hizi zinashuka kwa shida. Figo hai ilikuwa na vibebaji maalumu vya kuzinyofoa kwenye albumini, mashine haina.

Tunajuaje kwamba kweli zinatoka kwa bakteria? Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walilinganisha wagonjwa wa kusafishwa damu walio na utumbo mpana na wenzao ambao utumbo huo ulikuwa umekwisha kuondolewa kwa upasuaji. Wasio na utumbo mpana walikuwa karibu hawana kabisa indoksili salfati wala kresili salfati. Ugonjwa uleule wa figo, mashine ileile, sumu haipo. Sijui ushahidi mwingine wa binadamu ulio mnyoofu kama huo.

Asije mtu akaona dawa ni kuukata utumbo. Wazo hilo lilishapita. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari bingwa wa upasuaji wa London, Arbuthnot Lane, aliamini kwamba uchafu wa utumbo mpana unautia mwili sumu, akawaondolea utumbo huo watu ambao kosa lao kubwa lilikuwa kufunga choo. Wengine hawakuamka. Kila ninapoona tangazo la unga au chai ya "kusafisha utumbo na kuondoa sumu zote" namkumbuka yeye: chembe ya ukweli ilikuwepo, dawa ndiyo iliyokuwa wendawazimu.

Tena hata njia iliyofikiriwa kwa makini inaweza kukwama. Huko Japani, tangu 1991, wagonjwa wa figo wamekuwa wakipewa vidonge vya mkaa maalumu, AST-120, vinavyonyonya indoli utumboni kabla haijafika kwenye ini. Kwa kichwa cha mkemia ni kamili. Lakini majaribio mawili makubwa ya kimataifa yenye wagonjwa 2,035, yaliyochapishwa 2015, hayakuona tofauti ya maana kati ya waliomeza mkaa huo na waliomeza kidonge kisicho na kitu katika kasi ya figo kuharibika. Wenye kuuza unga wa mkaa mitandaoni wanapaswa kuisoma sentensi hiyo mara mbili.

Ugumu ni kwamba mambo hapa huzunguka. Figo ikishindwa, urea hujaa damuni na kuvuja hadi ndani ya utumbo. Bakteria wenye uwezo wa kuivunja hushangilia, huivunja kuwa amonia, na amonia huondoa asidi ya utumbo mpana na kuchubua viungo vinavyobana seli za ukuta wake. Nosratola Vaziri na wenzake huko California walieleza jinsi jamii nzima ya bakteria inavyobadilika kwa wagonjwa wa figo, wakiongezeka wale wa kuvunja urea na kutengeneza indoli na kresoli, wakipungua wale wa makapi. Kisha sisi wenyewe tunaongeza kuni. Mgonjwa anaambiwa apunguze ndizi, maharage na mboga za majani kwa sababu ya potasiamu, na ni kweli potasiamu ikizidi inaweza kusimamisha moyo. Anapewa vidonge vya kuzuia fosfati, vingi vyake hufunga choo. Anapunguziwa maji ya kunywa. Makapi yamekwisha, choo kinakaa siku nne, na upande wa kushoto wa utumbo unachachusha protini usiku na mchana.

Ule upande wa makapi, basi, unatoa nini kinachostahili kulindwa?

Hutoa asidi tatu fupi: asetati, propionati na butirati. Ya tatu ndiyo kipenzi cha watafiti. Mwaka 1980 W. E. Roediger alionyesha kwamba seli za ukuta wa utumbo mpana hupata sehemu kubwa ya nishati yake kwa kuchoma butirati, kuliko sukari inayoletwa na damu. Yaani ukuta wa utumbo unalishwa na wapangaji. Na katika kuichoma, seli hizo hutumia oksijeni yote iliyo karibu, ndiyo maana ndani ya utumbo mpana karibu hakuna oksijeni. Butirati ikipungua, oksijeni huvuja kuelekea ndani, na wanaoifurahia ni bakteria jamaa wa E. koli, ambao miongoni mwao wamo watengenezaji hodari wa indoli. Kwa hiyo kukosa makapi kuna hasara mbili: mlinzi hapati chakula chake, na mwizi anafunguliwa dirisha.

Asidi hizi zinafanya pia ile kazi ya ndimu. Hapa nitaruka kutoka kwenye figo kwenda kwenye ini, kwa sababu huko ujanja huu umekuwa dawa ya hospitali tangu miaka ya 1960. Ini likiharibiwa na homa ya ini au pombe likawa kovu tupu, amonia kutoka utumboni hulipita bila kuzuiwa na kufika kwenye ubongo. Mgonjwa anachanganya usiku na mchana, viganja vinapigapiga kama mbawa, mwishowe anazama usingizini asiamke. Dawa anayopewa ni laktulosi, sukari ambayo binadamu hawezi kuimeng'enya. Inafika salama kwenye utumbo mpana, bakteria wanaichachusha kuwa asidi, na asidi inaifunga amonia isiweze kupenya ukuta, ikatoka na choo. Ni shombo na ndimu kwa mara nyingine. Ndugu wasioelezwa vizuri hudhani zile safari mbili tatu za chooni kwa siku ni madhara ya dawa, wakaisimamisha. Zile safari ndizo dawa.

Miongoni mwa waliotangulia kulipigia kelele jambo la makapi alikuwa mtu aliyeishi jirani yetu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda miaka mingi na saratani moja ya watoto ikaitwa kwa jina lake. Katika miaka ya 1970, akiwa amerudi Uingereza, alianza kuwaeleza watu jambo lililowafanya wacheke: vijijini Afrika choo ni kingi, laini na cha haraka, na saratani ya utumbo mpana ni adimu, Ulaya ni kinyume. Hakuwa na maelezo ya butirati mikononi. Alikuwa na mizani na macho.

Mwaka 2015 Stephen O'Keefe na wenzake walimjibu kwa jaribio la ujasiri. Walichukua Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh, ambao jamii yao hupata saratani ya utumbo mpana kwa kiwango cha watu 65 kwa kila 100,000, na Waafrika Kusini 20 wa vijijini, ambao kwao ni chini ya 5, wakabadilishana vyakula kwa wiki 2. Wamarekani walipandishwa kutoka gramu 14 za makapi kwa siku hadi 55. Waafrika Kusini walishushwa kutoka 66 hadi 12, wakaongezewa mafuta na nyama. Butirati iliongezeka mara mbili na nusu kwa Wamarekani na kupungua kwa nusu kwa Waafrika Kusini, na dalili za awali za hatari kwenye ukuta wa utumbo zikabadilishana kambi. Kwa wiki 2 tu! Hilo linatia moyo na kutisha kwa kipimo kilekile.

Kwetu kuna mfano wa karibuni. Watafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, na Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walichapisha mwaka 2025 utafiti wa vijana wa kiume 77 wa kaskazini mwa Tanzania. Waliozoea chakula cha asili cha Kilimanjaro, chenye ndizi, mikunde, nafaka nzima na mboga, walipewa kwa wiki 2 chakula cha mtindo wa Magharibi, na waliozoea hicho wakapewa cha asili. Kundi jingine lilikunywa mbege, kinywaji cha ndizi kilichochachushwa, kwa wiki moja. Chakula cha kisasa kilipandisha kwenye damu protini za uvimbe, yaani mwako wa kinga ya mwili, na kudhoofisha namna chembe za kinga zinavyovikabili vijidudu. Cha asili, na mbege pia, vilishusha uvimbe, na baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki 4 baadaye. Ni vijana wenye afya, wanaume watupu, na figo hazikuwa swali lao, kwa hiyo tusiwatwike mzigo usio wao. Mbege nayo ni pombe, watafiti hawakusema tuifanye dozi. Lakini uvimbe wa kimyakimya ndio udongo ambamo kisukari, shinikizo la damu na ugonjwa wa figo hustawi, na ulisogea kwa wiki 2 za ndizi na mikunde.

Kuhusu kisukari nitapita haraka. Mwaka 2018 watafiti wa Gothenburg, Uswidi, walionyesha kwamba bakteria wa baadhi ya wagonjwa hugeuza histidini, kipande kingine cha protini, kuwa imidazoli propionati, kemikali inayoziba masikio ya seli zisisikie insulini. Ni kiungo kizuri cha mnyororo, ila bado hakijazaa tiba.

Ninachokiamini kwa sasa ni cha jikoni. Dona badala ya sembe iliyokobolewa. Makande, kunde, mbaazi, choroko. Mlenda na matembele. Hata kiporo kina heshima yake: ugali, wali au viazi vikipoa, sehemu ya wanga wake hujipanga upya ikawa ngumu kumeng'enywa, na ukivipasha asubuhi sehemu hiyo haipotei yote, inafika kwa bakteria. Ndizi mbichi nazo zina wanga mgumu kumeng'enywa, ingawa kuzipika huupunguza. Vidonge vya bakteria hai vinavyouzwa kwa bei ya mbuzi sivipi nafasi hiyo. Kumwaga mbegu kwenye shamba lisilo na maji ni kazi bure.

Kwa mwenye figo tayari mbovu, hesabu ni tofauti na asiifanye peke yake. Bakuli la maharage linaweza kumsaidia upande wa indoli na kumwangusha upande wa potasiamu. Wataalamu wa lishe wa kliniki za figo hufundisha kukata mboga na viazi vidogovidogo, kuloweka, kuchemsha kwa maji mengi na kuyamwaga, ili potasiamu itoke na makapi yabaki. Na kuna taarifa moja ambayo wagonjwa wengi huificha kwa haya, hasa mzee akikaa mbele ya daktari kijana: wanataja presha, wanataja miguu kuvimba, wanataja usingizi. Siku ngapi zimepita bila choo hawasemi, na daktari mwenye foleni ndefu haulizi. Itajwe, kwa idadi ya siku, hata kabla ya presha.